Jinsi ya kupima ngome ya timu inayojijenga upya kabla ya msimu: Funzo la Arsenal

Kusi likivuma mwezi wa Agosti, mabaraza mengi ya Mombasa huwa na kesi moja: nani msimu huu atacheka na nani atanyamaza hadi Mei. Kesi ngumu zaidi ni ya timu inayojijenga upya. Wachezaji wa zamani wameuzwa, wapya hawajacheza pamoja, kocha anaomba subira, na shabiki anatakiwa aseme leo kama ngome itashika au itavuja.

Mshambulizi ni rahisi kumpima kwa sababu mabao yake yanahesabika. Beki hatajwi mpaka siku atakapokosea. Ndiyo maana hukumu za Agosti kuhusu mabeki huwa za jazba kuliko za hesabu. Zingebaki kuwa utani wa kahawa lau si vijana wetu wengi kuziwekea pesa za kubeti.

Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kutoa hukumu hiyo. Mfano wetu ni Arsenal ya kocha Mikel Arteta kati ya mwaka 2021 na 2024, kwa sababu safari yake inajulikana mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu Wanabunduki na watani wao kwa pamoja waliihukumu mapema mno.

Mabao ya kufungwa: anza hapo, usiishie hapo

Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 38. Timu inayofungwa bao moja kila mechi humaliza na mabao 38, na hicho ni kipimo kizuri cha kuanzia. Ngome inayoruhusu chini ya 30 ni ya kuwania ubingwa. Chelsea ya Jose Mourinho iliruhusu mabao 15 tu msimu wa 2004-05. Liverpool walifungwa 38 msimu wa 2017-18. Msimu uliofuata, wakiwa na Virgil van Dijk tangu Agosti na kipa mpya Alisson, wakafungwa 22.

Lakini hesabu peke yake hudanganya. Msimu wa 2020-21 Arsenal walifungwa mabao 39. Ni Manchester City, waliofungwa 32, na Chelsea, waliofungwa 36, pekee waliowashinda kwa hilo. Hata hivyo walimaliza nafasi ya nane na kukosa mashindano ya Ulaya. Msimu uliofuata walifungwa 48 na wakapanda hadi nafasi ya tano. Ngome ilionekana kuharibika huku timu ikiboreka.

Sababu ni kwamba timu inayojilinda kwa watu wengi hufungwa kidogo na hufunga kidogo. Kocha anapoanza kuisukuma mbele, mabeki hubaki na uwanja mkubwa wa kulinda. Basi unapotazama mabao ya msimu uliopita, jiulize pia timu ilicheza vipi, na kama kocha ana nia ya kuendelea kucheza hivyo.

Je, umeiona ngome yenyewe?

Hapa ndipo wengi walipoteleza mwaka 2021. Majira hayo Arsenal walimwaga pesa nyuma. Ben White alitoka Brighton kwa pauni milioni 50, kipa Aaron Ramsdale akatoka Sheffield United, Nuno Tavares akatoka Benfica, na siku ya mwisho ya dirisha, Agosti 31, Takehiro Tomiyasu akatoka Bologna.

Kufikia siku hiyo msimu ulikuwa umeshaanza, na ulianza kwa aibu. Brentford, waliorudi ligi ya juu baada ya miaka 74, waliwapiga 2-0. Chelsea wakawapiga 2-0. Manchester City wakamaliza kazi kwa 5-0. Mechi tatu, mabao tisa ya kufungwa, hakuna la kufunga, na Arsenal wakashika mkia wa ligi. Kelele za kutaka Arteta afutwe zikapanda.

Sasa tazama nani walikuwa nyuma. Gabriel Magalhaes, beki wa kati tegemeo, alikuwa nje kwa jeraha la goti katika mechi zote tatu. White alicheza dhidi ya Brentford, kisha akakosa mbili zilizofuata kwa sababu ya Korona. Ramsdale hakuwa amedaka mechi ya ligi hata moja. Tomiyasu hakuwa amefika. Na kule kwa City, Granit Xhaka alilishwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko.

Ngome iliyokusudiwa ilicheza pamoja kwa mara ya kwanza Septemba 11 dhidi ya Norwich: Ramsdale langoni, Tomiyasu kulia, White na Gabriel katikati, Kieran Tierney kushoto. Arsenal walishinda 1-0. Mechi iliyofuata, kule Burnley, wakashinda tena 1-0. Hukumu ya Agosti ilikuwa imetolewa juu ya ngome ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

Wazee wa chelezo wanajua kwamba jahazi jipya halisifiwi wala halitukanwi likiwa juu ya magogo. Lingoje liingie maji, ndipo ijulikane kalafati imeshika wapi na inavuja wapi.

Bei haikabi mtu

Shabiki hupenda kupima beki kwa pesa alizonunuliwa. Harry Maguire alinunuliwa na Manchester United kwa pauni milioni 80 mwaka 2019, lakini bei hiyo haikuifanya United kuwa na ngome bora nchini Uingereza. Msimu wa 2023-24, mabeki wao wakiandamwa na majeraha, walifungwa mabao 58.

Upande wa pili yuko William Saliba. Arsenal walimnunua mwaka huohuo wa 2019 kutoka Saint-Etienne akiwa na umri wa miaka 18, kwa takriban pauni milioni 27. Wakamwacha Ufaransa kwa mkopo mara tatu: Saint-Etienne kwenyewe, Nice, kisha Marseille. Miaka mitatu ilipita bila kugusa mpira katika mechi rasmi ya timu ya kwanza ya Arsenal. Wapo waliomwita pesa zilizotupwa baharini.

Agosti 5, 2022 alianza dhidi ya Crystal Palace, ngome haikufungwa, na mjadala ukafungwa usiku uleule. White, wa milioni 50, akahamishiwa beki wa kulia ili Saliba na Gabriel wakae katikati. Funzo ni kwamba unapohesabu wapya, wahesabu pia wanaorudi kutoka kwa mkopo na wanaobadilishwa namba. Mara nyingi uimara uko hapo, si kwenye jina lililopamba vichwa vya habari.

Nani anasimama mbele ya mabeki?

Ukuta wa nyuma huanza kulindwa katikati ya uwanja. Kiungo mkabaji akiwa mzito au akipotea nafasi yake, mabeki wa kati hukutana uso kwa uso na washambulizi wanaokuja kwa kasi, na hapo hata beki hodari huonekana mbovu. Arsenal walimtegemea Thomas Partey, na kila alipoumia pengo lilionekana. Mwaka 2023 walivunja benki kumleta Declan Rice kutoka West Ham kwa mkataba uliofikia pauni milioni 105. Msimu huo walifungwa mabao 29, machache kuliko timu nyingine yoyote ya ligi. Rice si beki, lakini sehemu ya hesabu hiyo ni yake.

Kona na mipira ya kurusha

Bao la pili la Brentford siku ile lilitokana na mpira mrefu wa kurusha uliodunda ndani ya boksi, Christian Norgaard akaumalizia kwa kichwa. Mabeki hawakuzidiwa mbio. Walizidiwa nguvu na mpangilio. Majira yaleyale Arsenal walimwajiri Nicolas Jover kama kocha maalumu wa mipira ya kutenga, na baadaye kona ikawa silaha yao.

Kwa hivyo tazama kimo cha wanaokaba, tazama kama kipa anatoka kuudaka mpira au anabaki kwenye mstari, na tazama nani amekabidhiwa nguzo ya karibu. Timu inayojijenga upya hupoteza pointi nyingi hapa, kwa sababu wapya bado hawajazoea nani anamkaba nani.

Ukiondoa mmoja, nini kinabaki?

Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika zaidi, na ndicho kilichowaliza Wanabunduki kuliko vyote.

Machi 2023 Arsenal walikuwa kileleni mwa ligi. Katika mechi 27 za kwanza, zote Saliba akiwa uwanjani, walikuwa wamefungwa mabao 25, chini ya bao moja kwa mechi. Machi 16, dhidi ya Sporting ya Ureno katika Ligi ya Europa, Saliba aliumia mgongo. Usiku uleule Tomiyasu naye akatolewa akiwa ameumia. Wote wawili hawakucheza tena msimu huo.

Rob Holding akaingia kuziba pengo. Hakuwa mchezaji mbaya, lakini hakuwa na kasi ya kucheza mbali na lango kama Saliba, na safu nzima ikarudi nyuma. Arsenal waliongoza 2-0 kwa Liverpool wakatoka 2-2. Wakaongoza 2-0 kwa West Ham wakatoka 2-2. Wakatoka 3-3 nyumbani na Southampton waliokuwa wanashuka daraja. City wakawapiga 4-1. Mechi 11 za mwisho walifungwa mabao 18, zaidi ya bao moja na nusu kwa mechi, na kombe likaenda Manchester kwa tofauti ya pointi tano.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ulikuwepo tangu Agosti kwa yeyote aliyetazama benchi: nyuma ya Saliba hakukuwa na mtu wa aina yake. Msimu uliofuata beki mpya Jurrien Timber aliumia goti katika mechi ya kwanza kabisa ya ligi, lakini safari hii timu haikuyumba. Walikuwepo wa kuzunguka pembeni, na Saliba alicheza mechi zote 38.

Mechi za kirafiki zisikutie wazimu

Mwaka 2021 Arsenal walifungwa 2-1 na Hibernian ya Scotland katika mechi ya kujipima nguvu, na msimu ukaanza vibaya. Mwaka 2022 waliipiga Chelsea 4-0 na Sevilla 6-0, na msimu ukaanza vizuri. Ni rahisi kudhani matokeo ya kirafiki hutabiri ligi. Lakini kocha hubadilisha wachezaji kumi kwa mpigo, na wapinzani huwa hawajawa fiti sawasawa.

Katika mechi hizi achana na matokeo, tazama mpangilio. Je, mabeki wanne walewale wanaanza pamoja kila mara? Wanapanda na kushuka kwa pamoja, au mmoja hubaki nyuma na kuua mtego wa kuotea? Beki wa pembeni akipanda, nani anaziba nafasi yake? Mpira ukipotea, timu inaukimbilia au inatazamana?

Maswali ya kupeleka barazani

Kabla hujaweka ahadi ya kulipia kahawa ya baraza zima, jibu haya:

1. Ngome iliyopangwa imeshacheza pamoja, au bado kuna mgonjwa na anayesubiriwa?
2. Kipa na mabeki wa kati wamezoeana kwa muda gani?
3. Kiungo mkabaji ni nani, na akikosekana nani anaingia?
4. Timu ilifungwa vipi msimu uliopita: kwa kona, kwa mashambulizi ya kasi, au kwa makosa ya mtu mmoja?
5. Kocha anataka mabeki wakae juu au wabaki nyuma? Anao wa kasi hiyo?
6. Beki bora akiumia Machi, nani atavaa jezi?

Maswali haya hayahitaji Ulaya. Yanafaa vilevile kwa Bandari pale Mbaraki, ambako msimu mpya ukikaribia shabiki hukuta sura mpya nyuma na kuambiwa asubiri. Nenda ukawaone mazoezini, hesabu ni mara ngapi wanne walewale wamesimama pamoja, kisha useme.

Arsenal walifungwa mabao tisa katika mechi tatu za kwanza za 2021. Msimu wa 2023-24, kocha akiwa yuleyule, walifungwa 29 katika mechi 38. Lau klabu ingesikiliza kelele za Agosti, ngome ya pili isingejengwa. Ila na wale waliosema kila kitu ki shwari nao walikosea, maana Machi 2023 iliwakuta hawana akiba. Shabiki mwenye hekima hutazama pande zote mbili: humpa fundi muda wa kujenga, na humwuliza mapema ana matofali mangapi ya ziada.