Askofu Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi

Leo twende mbali, hata visiwa vya Melanesia katika Bahari ya Pasifiki. Huko kijiji na kijiji waweza kukuta hawasikilizani lugha. Vanuatu peke yake ina lugha zaidi ya 100, na Visiwa vya Solomon zipatazo 70.

Mwaka 1861 Mwingereza John Coleridge Patteson aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Melanesia. Je, alianzaje kazi penye ndimi nyingi hivyo? Alianza kwa kusikiliza. Merikebu ilipofika karibu na kisiwa, mara nyingi aliogelea hata pwani, akatoa zawadi, akauliza majina ya watu na kuyaandika. Yasemekana alijifunza lugha 23. Vijana waliokubali aliwapeleka shuleni, kwanza Auckland, na tangu 1867 kisiwani Norfolk. Hapo hawakufundishwa kwa Kiingereza, bali kwa lugha ya Mota, kisiwa kidogo cha huko kwao. Mmoja wao, George Sarawia, akawa shemasi mwaka 1868, na mwaka 1873 kasisi wa kwanza Mmelanesia.

Lakini merikebu nyingine zilikuja kuwanasa vijana kwa hila na kwa nguvu, wakalime miwa Queensland na pamba Fiji. Patteson aliupinga uovu huo. Tarehe 20 Septemba 1871 alishuka peke yake Nukapu, akauawa. Wenzake wawili, Joseph Atkin na Stephen Taroaniara, walipigwa mishale mashuani, nao wakafa baadaye. Mwili wa askofu ulirudishwa katika mtumbwi, umefungwa mkekani, na juu yake kuti lenye mafundo matano. Wenzake walielewa hivi: watu watano wa Nukapu walikuwa wametekwa, naye amelipishwa deni lisilo lake. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzuia utekaji huo.

Sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa sana machungu hayo. Freretown, karibu na Mombasa, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa.

Ndugu zetu, tukimwendea mtu wa kabila lingine na Habari Njema, huenda watu wa kwetu walikwisha kutangulia, wakamnyang'anya shamba au mifugo. Yeye anatuona sote kuwa merikebu moja. Tusikasirike asipotupokea upesi. Tujifunze salamu yake, tuulize jina lake, tusikie na kilio chake; tena tuyapinge wazi mabaya ya watu wetu. Siku ya Pentekoste, kama tusomavyo katika Matendo mlango wa 2, kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao. Roho hakumwambia mgeni yeyote aache kwanza lugha ya mama yake.

Ee Bwana, utupe masikio kabla ya kutupa maneno. Amina.