Kabla Umfungie Mbwa Wako, Sikia ya Laika

Wasee, wiki jana nililetewa kijibwa. Ushauri wa majirani ni mmoja tu: mfungie kwa kibanda mchana kutwa, ndio awe mkali. Nikamfungia. Alilia mpaka jioni, nikamkumbuka Laika.

Laika alikuwa mbwa koko wa mitaa ya Moscow. Wasovieti walimzoesha safari ya angani kwa kumweka kwenye vizimba vinavyozidi kuwa vidogo. Akatii. Tarehe 3 Novemba 1957 wakamrusha bila mpango wowote wa kumrudisha. Joto likamuua baada ya saa chache. Mwaka 1998 Oleg Gazenko, mmoja wa waliomfunza, alikiri anajuta.

Mbwa hutii kwa sababu ametuamini. Deni ni letu. Mimi nimefungua kibanda. Wako je?