Sauti Zilizookotwa Jalalani: Wapenzi wa Redio ya Zamani Marekani

Katika miaka ya 1930 na 1940, jioni ya familia nyingi za Marekani ilipangwa na redio. Kulikuwa na saa ya vichekesho vya Jack Benny, saa ya wapelelezi, na saa ya michezo ya kutisha, ukiwemo ule wa Inner Sanctum ulioanza kwa mlio wa mlango uliokosa grisi. Karibu yote hayo yaliigizwa moja kwa moja. Waigizaji walisimama mbele ya kipaza sauti na karatasi zao mkononi, okestra ikiwa pembeni, na fundi wa milio akiwa na meza iliyojaa vikorokoro. Alifikicha selofani moto ukawaka, akagonganisha vifuu vya nazi farasi akatimua mbio, akaminya boksi la wanga wa mahindi zikasikika hatua za mtu anayekanyaga theluji. Nusu saa ilipotimia, kila mtu alikunja karatasi zake. Kwa ajili ya wasikilizaji wa pwani ya Pasifiki, ambako saa ziko nyuma kwa tatu, kundi zima lilirudi studioni usiku uleule likaigiza tena tangu mwanzo.

Usumbufu huo ulitokana na msimamo wa mitandao mikubwa ya utangazaji, NBC iliyoanzishwa mwaka 1926 na CBS iliyofuata mwaka 1927, ya kutorusha vipindi vilivyorekodiwa. Wakubwa wa mitandao walidai kwamba msikilizaji anastahili kitu kinachotendeka wakati uleule anaposikiliza. Ilikuwepo pia sababu ya kibiashara: kituo kidogo kikizoea kupiga vipindi vya kwenye santuri, kina haja gani tena ya kujiunga na mtandao? Msimamo huo ulilegezwa kwa nadra sana. Mara moja ilikuwa Mei 1937, baada ya chombo cha anga cha Kijerumani, Hindenburg, kuungua huko Lakehurst, New Jersey. Herbert Morrison wa kituo cha WLS cha Chicago alikuwepo pamoja na fundi wake na mashine ya kurekodi, na siku iliyofuata NBC ilikubali kurusha sehemu ya maelezo yake aliyoyatoa huku sauti ikimkatika kwa kilio.

Kwa utaratibu wa namna hiyo, michezo ya enzi ile ilipaswa kupotea yote. Leo makumi ya maelfu ya vipindi hivyo yanasikilizwa kwenye simu za mkononi. Kwa sehemu kubwa, hiyo ni kazi ya watu ambao hawakuajiriwa na yeyote kuifanya.

Rekodi zilikuwepo, ila hazikukusudiwa kwa wasikilizaji. Kampuni ya sabuni iliyodhamini kipindi ilitaka ushahidi kwamba tangazo lake limesomwa. Mawakala wa matangazo walitaka nakala, na waigizaji wakubwa walipenda kujisikiliza. Hivyo mafundi walichonga sauti kwenye santuri za inchi 16, pana kuliko sinia ya kawaida ya nyumbani, zilizozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Upande mmoja ulibeba takriban dakika 15, kwa hiyo kipindi cha nusu saa kilijaza pande zote mbili. Kiini cha santuri kilikuwa alumini iliyopakwa vanishi laini. Vita Kuu ya Pili ilipofanya alumini ihitajike kwa ndege, kiini kikawa kioo, na santuri ya kioo ikidondoka mara moja imekwisha. Zilizonusurika zilirundikwa kwenye stoo za vituo na za mawakala, na stoo ilipojaa zilipelekwa jalalani.

Jeshi nalo lilichangia bila kukusudia. Idara ya redio ya majeshi, AFRS, iliyoundwa mwaka 1942, ilisambaza santuri za vipindi maarufu kwa askari waliokuwa ng'ambo, baada ya kuondoa matangazo ya biashara na kujaza muziki mahali pake. Vipindi kadhaa vinajulikana leo kwa nakala hizo za jeshi peke yake.

Msimamo dhidi ya rekodi ulivunjwa na mwimbaji Bing Crosby. Mwaka 1946 alihamia mtandao wa ABC uliomruhusu kurekodi kipindi chake kabla, na kuanzia mwaka 1947 kilirekodiwa kwa utepe wa sumaku, kwa mashine ambazo Jack Mullin, aliyekuwa askari wa mawasiliano, alizitoa Ujerumani baada ya vita. Mitandao mingine ilifuata. Lakini kufikia hapo televisheni ilishaanza kuwachukua wadhamini, kisha ikawachukua wasikilizaji. Tarehe 30 Septemba 1962 CBS ilirusha kwa mara ya mwisho vipindi vya Suspense na Yours Truly, Johnny Dollar, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwisho wa enzi ya michezo ya redio nchini humo.

Wakusanyaji walijitokeza karibu wakati huohuo. Mashine za utepe za nyumbani zilikuwa zimeanza kupatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, na watu waliokuwa watoto wakati wa vipindi vya The Lone Ranger na The Shadow sasa walikuwa na mishahara. Walitafuta santuri kwenye maduka ya vitu vikuukuu, kwa wajane wa waigizaji, na nyuma ya vituo vilivyokuwa vikihama. J. David Goldin, fundi aliyefanya kazi katika mitandao mikubwa, alikusanya santuri ambazo wenyewe hawakuzitaka tena, kisha akatumia miaka mingi kutengeneza faharasa inayotaja kila kipindi, tarehe yake, waigizaji wake na mdhamini wake. Hadi leo anayetaka kujua kama mchezo fulani umesalia huanzia kwenye faharasa hiyo.

Biashara ya kubadilishana ilifanyika kwa posta. Mtu wa Ohio alituma utepe wenye saa sita za vichekesho, akapokea kutoka California saa sita za wapelelezi. Vyama vikaanzishwa, kikiwemo SPERDVAC cha kusini mwa California kilichoundwa mwaka 1974, chenye maktaba ya kuazimisha wanachama. Udhaifu wa mfumo huo ulikuwa unakili wenyewe. Kila utepe uliponakiliwa, mvumo uliongezeka na sauti ikafifia, na nakala ya nne au ya tano ilikuwa kama chai iliyochemshwa kwa majani yaleyale tangu asubuhi. Hata hivyo, usambazaji huo ndio uliookoa mengi, kwani nakala mbovu zilizokaa katika nyumba mia zilikuwa salama kuliko santuri moja safi katika stoo inayovuja.

Wengine walirudisha vipindi hewani. Karibu na Chicago, Chuck Schaden alianza mwaka 1970 kipindi cha Those Were the Days na kukiendesha hadi mwaka 2009. Alifanya jambo jingine la thamani kubwa: aliwafuata waigizaji na watangazaji wa zamani na kinasa sauti wakiwa bado hai, akawahoji kuhusu kazi yao.

Mjini Washington, kituo cha WAMU kilianza mwaka 1964 kipindi cha John Hickman ambacho baadaye kiliitwa The Big Broadcast. Mwaka 1990 kilichukuliwa na Ed Walker. Walker alizaliwa kipofu, na kwake redio ilikuwa ulimwengu ambao hakuwa na upungufu wowote ndani yake: farasi wa The Lone Ranger alikuwa wazi kwake sawasawa na kwa mtoto mwenye macho. Kila Jumapili usiku kwa miaka 25 aliwaeleza wasikilizaji nani anaigiza nani, mlio huu umetengenezwaje, na kwa nini mzaha fulani uliwavunja watu mbavu mwaka ule. Kipindi chake cha mwisho alikirekodi akiwa hospitalini. Kilirushwa Jumapili tarehe 25 Oktoba 2015, naye akafariki saa chache baadaye. Mwaka uliofuata Murray Horwitz alishika nafasi yake.

Kuitoa sauti kwenye santuri ya zamani ni kazi ya subira. Vanishi ilichanganywa na mafuta ya nyonyo ili iwe laini ya kuchongeka, na miaka inavyopita mafuta hayo huchanganuka na kujitokeza juu kama unga mweupe. Unga husafishwa kwa maji na dawa isiyodhuru vanishi. Kisha sindano kadhaa za upana tofauti hujaribiwa, kwa sababu sindano nyembamba hufika chini kwenye mfereji uliokwanguliwa na zile nzito za zamani, wakati nene hupita juu penye ukuta ambao haujachakaa. Baadhi ya santuri zilichongwa kuanzia katikati kwenda nje, na asiyelijua hilo huiweka sindano mwisho wa habari. Halafu inakuja kasi. Mashine za zamani hazikuzunguka sawasawa, na mwigizaji hupanda sauti ya mtoto au kushuka ya jitu. Fundi stadi husikiliza mvumo hafifu wa umeme ulioingia kwenye rekodi. Umeme wa Marekani hutetema mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo ukisomeka 58 au 62, anajua mwendo urekebishwe kwa kiasi gani. Wanaoifanya kazi hii usiku baada ya ajira zao wanastahili kutambuliwa kuwa wanahistoria, hata kama hakuna chuo kilichowapa cheo hicho.

Intaneti iliondoa tatizo la nakala ya nakala na kuleta jingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mafaili ya MP3 yalisambaa kwa wingi, mengi yakiwa na majina na tarehe za kubuni. Kundi la kujitolea la Old Time Radio Researchers limejikita katika kusafisha fujo hiyo: kutafuta nakala bora, kulinganisha kila kipindi na ratiba zilizochapwa magazetini enzi hizo, na kuweka mfululizo wote mahali ambapo yeyote anaupata bure. Mara nyingine tarehe hupatikana ndani ya kipindi chenyewe, kwa zawadi iliyotangazwa na mdhamini au habari ya vita iliyokatiza mchezo.

Hazina iliyookolewa haiwakilishi redio ya zamani kwa haki. Suspense ilikuwa na vipindi zaidi ya 900 na karibu vyote vipo. Ma Perkins, tamthilia ya mchana iliyosikilizwa hasa na wanawake tangu 1933 hadi 1960, ilikuwa na zaidi ya vipindi 7,000, na vilivyosalia ni sehemu ndogo. Amos 'n' Andy ilianza mwaka 1928 na kwa miaka 15 ikasimulia hadithi yake kila siku ya kazi, zaidi ya mara 4,000. Rekodi za miaka hiyo ni chache mno, ingawa miswada ipo. Huo nao ni urithi mchungu, kwani waigizaji wake, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa Wazungu waliojifanya Weusi kwa matamshi ya kukejeli. Kuuficha kungeipotosha historia, na kuurusha bila maelezo kungerudia dharau ileile.

Kinyume chake kabisa ni Destination Freedom, aliyoiandika Richard Durham kwa kituo cha WMAQ cha Chicago kati ya 1948 na 1950. Durham, mwandishi Mweusi, aliigeuza historia ya watu wake kuwa mchezo wa nusu saa kila wiki, wakati ambapo redio iliwapa Weusi nafasi za watumishi na vichekesho. Jijini Denver, kundi la donnie l. betts limeichukua miswada hiyo na kuiigiza upya mbele ya watazamaji, na kuongeza michezo mipya kwa mtindo uleule. Mswada ukiwepo, hata kipindi ambacho santuri yake ilivunjika kinaweza kusikika tena.

Uigizaji upya ulikuwa pia kivutio cha mikutano ya wapenzi wa redio. Mkutano wa Friends of Old-Time Radio wa Newark uliwapandisha jukwaani waigizaji wa enzi ile, wakiwa na miaka 80 na zaidi, wasome tena sehemu zao. Ulifungwa mwaka 2011, wakati wengi wao walikuwa wameshafariki.

Taasisi za taifa zilikuja baadaye, na uwezo wake ni mkubwa. Mwaka 1978 NBC iliikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani takriban santuri 150,000. Tangu 2007 hazina za sauti za maktaba hiyo zinatunzwa Culpeper, Virginia, ndani ya mlima ambamo zamani serikali iliweka akiba ya fedha kwa hofu ya vita vya nyuklia. Mwaka 2014 maktaba iliunda kikosi maalumu cha kutafuta rekodi za redio zilizotawanyika kwenye vyuo, vituo na nyumba za watu. Lakini hata taasisi huhitaji jicho la mkusanyaji. Mwaka 2010 Goldin aliona kwenye mnada wa eBay rekodi ya mwaka 1937 ya mchezaji wa besiboli Babe Ruth akisimulia uwindaji. Aliitambua mara moja, kwa kuwa yeye mwenyewe aliitoa zawadi kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mwaka 1976. Alitoa taarifa, na uchunguzi ukamfikia mkuu wa zamani wa kitengo cha sauti cha hifadhi hiyohiyo. Mwaka 2012 mkuu huyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Kinachobaki kuwasumbua wakusanyaji ni sheria. Kwa sheria ya muziki ya mwaka 2018, rekodi za sauti za kabla ya 15 Februari 1972 zilipewa ulinzi wa serikali kuu, na zile ambazo hazikuwahi kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa zinaweza kulindwa hadi 15 Februari 2067. Kampuni nyingi zilizodhamini au kutengeneza vipindi zimekufa au zimeuzwa mara kadhaa, na mwenye haki hajulikani ni nani. Baadhi ya wamiliki wanaojulikana hutoa leseni na kuuza matoleo safi, wengine hunyamaza. Kwa hiyo vyama huendelea kwa tahadhari: hutoa vipindi bila malipo, huondoa kinachodaiwa, na hupeleka santuri asili vyuoni, ambako sheria inawaruhusu watunza maktaba kuzinakili kabla vanishi haijapasuka.