Msanii akiwekwa ndani ya makavazi

Ukaazi wa msanii ni mpango ambapo makavazi humkaribisha msanii akae na kufanya kazi humo kwa muda, wiki chache au hata mwaka. Hupewa chumba cha kazi, posho na, la muhimu zaidi, ruhusa ya kuingia ghalani kuliko na vitu ambavyo wageni hawavioni. Naye huandaa warsha, maigizo na michezo. Mtoto aliyezoea kuambiwa "usiguse" siku hiyo hupewa udongo afinyange.

Kuna kazi mbili za ng'ambo, jamaa wa karibu wa ukaazi, ambazo huzitaja kila nikiulizwa jambo hili lina faida gani. Mwaka 1968, Palle Nielsen wa Denmark aligeuza ukumbi wa Moderna Museet, mjini Stockholm, kuwa uwanja wa michezo. Watoto waliingia bure, wakapewa mbao, nyundo, rangi na mavazi ya kuigizia, na kulikuwa na shimo la sponji la kurukia. Waliolipa ni wakubwa. Ya pili ni ya Fred Wilson, Baltimore, Marekani, mwaka 1992. Alifukua ghala la makavazi ya historia, akaziweka pingu za watumwa katika kabati moja na vyombo vya fedha vya mabwana. Kwenye picha za kale za familia tajiri, watoto weusi waliochorwa pembeni walipewa sauti, wakawa wanamuuliza mtazamaji maswali. Kumbe mchezo si lazima uchekeshe.

Hapo ndipo Fort Jesus inaponijia. Ngome ilijengwa na Wareno 1593 hadi 1596. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Wapo wazee wasiotaka kusikia ngoma wala vicheko mahali watu walipofungwa, na siwalaumu. Lakini ndani ya ngome hiyohiyo kuna michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno wenyewe: mashua, samaki, watu waliovaa deraya, hata kinyonga. Mtu aliye mbali na kwao alichukua mkaa akachora. Mpe mtoto wa Mji wa Kale kipande cha mkaa na ubao (ukutani hapana, hizo ni kuta za urithi wa dunia tangu 2011), umwambie achore anachokiona baharini leo. Atauliza mwenyewe nani alifungwa humu.

Kuhusu muda, mimi nasema wiki mbili hazitoshi. Msanii huzimaliza akijua tu funguo ziko kwa nani. Miezi mitatu humpa nafasi ya kukaa na walinzi na wafagiaji, ambao wana hadithi nyingi kuliko vibandiko vya kwenye makabati, na ya kutengeneza nakala za vitu ili watoto wazishike hadi zivunjike.