Nani huyu, na anahisi nini? Miaka 150 ya kuuchunguza ubongo unaotazama nyuso

"Samahani, nimekufananisha." Sidhani kama kuna mzungumzaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kusema maneno haya, au kuambiwa, iwe stendi ya basi au msibani. Tuna na mengine: "Mbona umenuna, kuna nini?" Ukiyaangalia vizuri, hapo kuna maswali mawili tofauti ambayo ubongo hujiuliza kila unapokutana na uso. La kwanza: huyu ni nani? La pili: anahisi nini? Sisi tunayajibu yote mawili kwa mpigo, chini ya sekunde moja, bila hata kuona kama tumefanya kazi. Labda ndiyo maana sayansi ilichukua zaidi ya karne moja kuyatenganisha, na kuonyesha kwamba yote mawili huwa tunayajibu kwa kujiamini kupita kiasi.

Mwaka 1867

Tuanze na mwaka 1867, kwa sababu ndani ya mwaka huo mmoja maswali yote mawili yaligongwa, kila moja na mtu wake.

Huko Italia, daktari wa macho Antonio Quaglino, pamoja na mwenzake Giambattista Borelli, alichapisha habari za mgonjwa aliyekuwa amepata kiharusi. Mtu huyu alikuwa anaona, lakini nyuso za watu aliowafahamu hakuweza tena kuzitambua. Ni moja ya taarifa za mwanzo kabisa za tatizo la aina hiyo, na wakati ule haikuvuma.

Mwaka huohuo, Uingereza, Charles Darwin alikuwa anasambaza karatasi yenye maswali 16 kwa wamisionari na watu wengine waliokuwa wakiishi sehemu mbalimbali za dunia. Alitaka kujua kama binadamu wote huonyesha hisia kwa namna moja. Alipata majibu 36. Alikuwa pia na picha za daktari Mfaransa, Duchenne, ambaye mwaka 1862 alichapisha kitabu kuhusu misuli ya uso. Duchenne alimtumia mzee mmoja ambaye uso wake ulikuwa na ganzi, akawa anapitisha umeme kwenye msuli mmoja mmoja na kumpiga picha. Darwin aliwaonyesha watu zaidi ya 20 baadhi ya picha hizo, akawauliza wanaona hisia gani. Kwa baadhi ya picha, karibu wote walijibu sawa. Kwa nyingine, kila mtu alisema lake.

Kitabu cha Darwin kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia kilitoka mwaka 1872, na hoja yake ilikuwa kwamba ishara kuu za hisia tumezirithi sote. Lakini soma vizuri yale maswali 16. Swali la kwanza linauliza kama mshangao huonyeshwa kwa kufumbua macho na kinywa na kuinua nyusi. Yaani jibu limeshawekwa ndani ya swali! Anayejibu amebaki na kazi ya kusema ndiyo au hapana. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

Mwanajeshi asiyejijua kwenye kioo

Swali la "nani huyu" lilipata jina rasmi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947, daktari Mjerumani Joachim Bodamer alieleza habari za kijana wa miaka 24 aliyepigwa risasi kichwani. Kijana huyu hakuweza kutambua nyuso za ndugu na marafiki, wala uso wake mwenyewe kwenye kioo. Hata hivyo, mtu akizungumza alimjua kwa sauti. Akitembea, alimjua kwa mwendo. Bodamer aliliita tatizo hilo prosopagnosia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uso na kutojua.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Inawezekanaje mtu apoteze nyuso tu? Je, ubongo una mahali maalumu pa kazi hiyo, au nyuso ni ngumu tu kuliko vitu vingine?

Dokezo la kwanza lilikuja mwaka 1969. Robert Yin alionyesha kwamba ukigeuza picha juu chini, tunapata shida kuitambua, lakini shida hiyo ni kubwa zaidi kwa nyuso kuliko kwa vitu kama nyumba au ndege. Unaweza kujaribu sasa hivi: fungua picha ya darasa lenu kwenye simu, igeuze juu chini, halafu taja majina. Mwaka 1980 Peter Thompson akaongeza kichekesho kilichobaki maarufu hadi leo. Alichukua picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akapindua macho na mdomo peke yake. Picha nzima ikiwa juu chini, huoni tatizo kubwa. Isimamishe wima, utashtuka. Maana yake ni kwamba uso hatuusomi kipande kipande, jicho, pua, mdomo, kama mtu anayehesabu mzigo. Tunauchukua wote pamoja, na mpangilio wa viungo vyake ndio wenye habari.

Ndani ya ubongo wenyewe

Kwa upande wa seli, Charles Gross na wenzake nchini Marekani walikuwa wanachunguza ubongo wa nyani. Mwaka 1972 waliripoti seli ya neva iliyoitikia zaidi umbo la mkono wa nyani kuliko maumbo mengine, na mwaka 1981 wakaeleza seli zinazoitikia nyuso. Kwa wengi jambo hilo lilikuwa gumu kumeza: seli moja ya ubongo inahusikaje na kitu chenye mambo mengi kama uso?

Kisha ikaja mashine ya MRI inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake waliwaonyesha watu picha za nyuso na za vitu vya kawaida. Kwa watu 12 kati ya 15, walikuta eneo dogo upande wa chini wa ubongo, hasa upande wa kulia, lililoamka zaidi kwa nyuso. Eneo hilo liko kwenye mkunjo unaoitwa fusifomu.

Lakini kuamka ni jambo moja, na kuhusika kwa kweli ni jingine. Mwaka 2012 timu ya Josef Parvizi ilipata nafasi adimu. Mgonjwa wa kifafa alikuwa amewekewa nyaya ndani ya ubongo kwa ajili ya matibabu, na nyaya hizo ziligusa eneo hilohilo. Umeme mdogo ulipopitishwa, mgonjwa aliona uso wa daktari aliyekuwa mbele yake ukibadilika sura. Nguo za daktari hazikubadilika. Umeme ulipokatwa, uso ukarudi kama kawaida.

Swali la pili ni gumu zaidi

Kwa hiyo "nani huyu" tumepiga hatua. Vipi kuhusu "anahisi nini"? Mwaka 1986 Vicki Bruce na Andy Young walipendekeza kwamba ubongo hushughulikia maswali haya mawili kwa njia tofauti. Ushahidi mmoja mzito ulitoka mwaka 1994, kwa mwanamke ambaye watafiti humtaja kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa adimu ulikuwa umeharibu amigdala zake zote mbili, sehemu ndogo ndani ya ubongo zinazohusika na hofu. Aliwatambua watu vizuri, lakini alishindwa kuona hofu kwenye uso wa mtu.

Watu wakahitimisha haraka: basi amigdala ndiyo msomaji wa hofu. Twende taratibu. Mwaka 2005 ilibainika kwamba S.M. alikuwa haangalii macho ya watu kwenye picha, na hofu huonekana sana machoni. Alipoambiwa aangalie macho, aliitambua. Asipokumbushwa, alirudi palepale. Kumbe sehemu hiyo husaidia kuamua tutazame wapi, na hilo ni tofauti kabisa na kuwa kamusi ya hisia.

Wakati huohuo, mjadala wa Darwin ulikuwa unaendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Paul Ekman alikwenda kwa Wafore wa Papua New Guinea, akachagua watu ambao hawakuwahi kuona sinema na hawakujua Kiingereza. Walisimuliwa hadithi fupi, kwa mfano ya mtu aliye peke yake nyumbani, hana kisu, shoka wala upinde, na nguruwe mwitu amesimama mlangoni. Kisha walionyeshwa picha tatu za nyuso wachague moja. Mara nyingi walichagua kama Wamarekani wangechagua, ingawa hofu na mshangao zilipowekwa pamoja walizichanganya. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971, na wazo la hisia sita zinazosomeka dunia nzima, yaani furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa, likaingia kwenye vitabu vya kiada.

Sasa kumbuka maswali ya Darwin. Ukimpa mtu hadithi na picha tatu, umeshampunguzia majibu. Je, ukimwachia uhuru? Maria Gendron na wenzake walifanya hivyo Namibia, kwa Wahimba, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Waliwapa picha nyingi za nyuso, wakawaambia wapange mafungu kadiri wanavyoona wenyewe. Nyuso zenye tabasamu walizikusanya pamoja, lakini yale mafungu sita ya vitabuni hayakutokea. Tena walipoulizwa kuhusu mafungu yao, mara nyingi walitaja kitendo badala ya hisia: huyu anacheka, huyu anatazama. Na mwaka 2016 Carlos Crivelli na wenzake walirudi Papua New Guinea, safari hii visiwa vya Trobriand. Ule uso wa macho makubwa na kinywa wazi, ambao vitabu vinauita hofu, vijana wa huko waliuona kuwa ni wa kutisha wengine.

Haina maana kwamba Ekman alikosea kila kitu. Tabasamu, kwa mfano, limevuka mipaka vizuri kuliko ishara nyingine. Lakini safari kutoka kwenye msuli hadi kwenye moyo wa mtu ni ndefu kuliko tulivyofundishwa.

Kwa nini tujali

Kuna watu wamefungwa kwa sababu ya uso. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kufananisha uwe umeondolewa. Ikataka mambo yapimwe: shahidi alitazama kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga kiasi gani, na je, alimjua mtu huyo kabla? Lile swali la mwisho sayansi ilikuja kuliunga mkono kwa nguvu. Mwaka 1999 Vicki Bruce na wenzake waliwapa watu picha ya mtu wasiyemjua, iliyotoka kwenye video nzuri, wakamtafute kati ya picha 10, bila haraka yoyote. Walipatia kwa takriban asilimia 70 tu. Uso wa mtu unayemjua na wa mgeni ni mitihani miwili tofauti.

Sasa mashine nazo zimeingia. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu zinazokisia jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Kuna na programu zinazouzwa kwa ahadi ya kusoma hisia za mwanafunzi au mfanyakazi, nazo nyingi zimejengwa juu ya zile hisia sita. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku matumizi hayo shuleni na kazini kuanzia Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Kwetu programu hizo zikija, tutakuwa na haki ya kuuliza zilifundishwa kwa nyuso za nani, na nani aliamua uso fulani una maana gani.

Hata bila mashine, mwalimu huamua, mhoji wa kazi huamua, mzazi huamua. Mwanafunzi aliyekunja uso huenda hajakasirika. Huenda anafikiri, au jua linampiga machoni. "Mbona umenuna?" bado ni swali zuri sana, mradi tu tusubiri jibu.