Vihisi vya kemikali vyafichua nyama na samaki walioharibika

KIHISI cha kemikali ni kifaa kidogo kinachotambua gesi zinazotolewa na chakula kinapoanza kuharibika. Lengo lake ni kumwezesha mnunuzi kujua hali halisi ya chakula, badala ya kutegemea pua au tarehe iliyochapwa kwenye pakiti.

Bakteria wanapovunjavunja protini ya nyama au samaki, hutoa amonia na gesi nyingine za jamii ya amini. Kwa samaki wa baharini, inayojitokeza zaidi ni trimethilamini, ambayo ndiyo chanzo cha shombo.

Mwaka 2015, watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Profesa Timothy Swager, walieleza kihisi cha mirija midogo mno ya kaboni, ambayo upitishaji wake wa umeme hubadilika inapokutana na amini hizo.

Mwaka 2019, kundi la Dk. Firat Güder wa Imperial College London lilitumia karatasi ya selulosi iliyochapwa kaboni. Amonia huyeyuka katika unyevu uliomo kwenye karatasi na kuongeza upitishaji wa umeme, na majibu husomwa kwa simu ya mkononi. Gharama ya kihisi kimoja ilikadiriwa kuwa senti mbili za Marekani.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2024 inaonyesha kuwa tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022. Asilimia 60 ya chakula hicho kilitupwa majumbani.

Tarehe ya pakiti hukadiriwa kiwandani. Haiwezi kujua kwamba umeme ulikatika usiku kucha. Matokeo yake, chakula kizuri hutupwa na kibovu huliwa.

Hata hivyo, kihisi cha amonia si kinga kamili. Hakitambui vijidudu kama salmonela, vinavyoweza kuwemo katika chakula kisicho na dalili yoyote ya kuoza. Vilevile, sumu ya histamini inayojijenga ndani ya samaki kama jodari haiondoki kwa kupikwa.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unabaki palepale: chakula kilichopikwa kisiachwe nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na kihifadhiwe katika ubaridi usiozidi nyuzi joto 5 za Selsiasi.