Daktari Karanja wa Bermuda

Mwaka wa 1955, Mau Mau wakiwa bado msituni, Waingereza walitoa filamu ya Simba kuhusu vita hivyo. Ndani yake kuna Daktari Karanja, Mwafrika aliyebanwa kati ya walowezi na wapiganaji. Mkikuyu? Wapi! Aliyemwigiza ni Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda.

Cameron alifika London mwaka wa 1939, akaosha vyombo mkahawani. Mwaka wa 1941 mwigizaji mmoja wa Chu Chin Chow hakutokea, naye akaingia jukwaani. Baadaye sauti yake ilinolewa na Amanda Aldridge, bintiye Ira Aldridge, mtu mweusi aliyekuwa Othello pale Covent Garden mwaka wa 1833. Mwaka wa 1951 Cameron akang'ara katika Pool of London.

Kwenye Simba, staa ni Dirk Bogarde. Mau Mau wamebaki kuwa giza na panga. Kuhusu mashamba yao yaliyonyakuliwa, ni kama hakuna. Lakini Karanja anaongea kama mtu mzima, si kama kibaraka wala mnyama. Hiyo ni kazi ya Cameron.

Alifariki mwaka wa 2020, akiwa na miaka 102. Ukiipata hiyo filamu, mtazame yeye.